Afya ya Mji Haianzii Hospitalini

Muulize mkazi yeyote wa Kisumu serikali ya mahali pake humtendea nini katika mambo ya afya, naye atakutajia hospitali. Atataja ile kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti na kufunguliwa mwaka 1969, ambayo wazee wangali wanaiita Russia. Atataja zahanati za mitaani, dawa zinazoadimika na foleni zisizokwisha. Ni nadra kumsikia akitaja uwanja wa mpira, bustani, maktaba au ufuo wa ziwa. Hivyo kwake ni vitu vya starehe, na starehe katika fikra za wengi wetu ni kitu anachojipatia mtu akishamaliza mambo ya maana.

Fikra hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe inatugharimu sana. Mahali pa kuchezea, pa kutembea, pa kusoma na pa kupumzikia ni sehemu ya huduma za afya sawasawa na chanjo na maji safi. Serikali ya mtaa inayoacha uwanja wa watoto ugeuzwe kuwa ploti za maduka inajitayarishia wagonjwa wa kesho, hata ikiwa siku iyo hiyo inazindua wadi mpya kwa ngoma na hotuba.

Jambo hili si geni katika elimu ya afya. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaeleza afya kuwa ni ukamilifu wa hali ya mtu kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986 ulikwenda mbele zaidi ukasema kwamba afya hujengwa pale watu wanapoishi siku zote: wanapojifunza, wanapofanya kazi na wanapocheza. Shirika hilo hilo linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na mtoto wa umri wa kwenda shule apate dakika 60 kila siku. Je, mtoto wa Manyatta au Obunga azipate wapi dakika hizo, ikiwa nje ya mlango wa nyumba yao ni mtaro wa maji machafu, na baada ya mtaro ni barabara ya pikipiki?

Wapo watakaodai kwamba maradhi ya kutofanya mazoezi ni maradhi ya matajiri, na kwamba sisi wa ukanda wa ziwa adui zetu ni malaria, kipindupindu na Ukimwi. Adui hao wapo kweli, na hakuna anayewadharau. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya robo walikuwa na uzito uliopita kiasi. Adui mpya ameingia nyumbani kabla ya yule wa zamani kutoka. Huyu mpya hakingwi kwa neti wala kwa sindano. Hukingwa kwa chakula cha busara, kwa jasho la mchezo na kwa moyo uliotulia.

Tuirejee historia kidogo, maana wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watataka kujua mambo haya yalianzia wapi. Katika karne ya kumi na tisa, miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa moshi, kipindupindu na watu waliobanana vyumbani kama dagaa. Mabaraza ya miji hiyo yalipoanza kushughulikia afya ya umma, hayakujenga mitaro peke yake. Mwaka 1847, mwaka mmoja tu kabla ya kupitishwa kwa Sheria ya Afya ya Umma nchini humo, mji wa Birkenhead ulifungua bustani kubwa iliyogharimiwa kwa fedha za umma ili maskini na tajiri wapate kuvuta hewa safi bila kulipa. Watawala wa miji walikwisha kuelewa kwamba mtaro na bustani ni ndugu wa tumbo moja.

Fikra hiyo ilipovuka bahari kuja kwetu iligeuka sura. Reli ilifika kwenye ziwa mwaka 1901, na mji uliozaliwa hapo ukaitwa Port Florence kabla ya kujulikana kwa jina la Kisumu. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya wa Kiingereza, Profesa W. J. Simpson, alizuru Afrika Mashariki. Alipendekeza kwamba katika miji yetu makao ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika yatengwe, na baina yao paachwe ukanda wa nyasi usiokaliwa na mtu. Basi nafasi wazi ambayo kwao ilikuwa ya kuwakutanisha watu, kwetu ikawa ya kuwatenga. Mzungu alikaa juu Milimani kwenye upepo, akawa na klabu yake na uwanja wake wa gofu. Mwafrika aliyepakua mizigo bandarini alirudi jioni kwenye mitaa ambayo hakuna aliyeipimia hata nafasi ya kusimamishia magoli mawili.

Lakini hata Mwafrika huyo hakuachwa bila burudani kabisa. Kule Nairobi, tangu miaka ya 1920, baraza la manispaa lilijitwalia haki ya kuwauzia Waafrika pombe katika kilabu chake, na faida iliyopatikana ikatumiwa kugharimia huduma za Waafrika hao hao. Tazama kinaya cha jambo hili: mfanyakazi alikunywa afya yake, kisha akarudishiwa kidogo katika sura ya huduma za jamii! Hapa tunajifunza jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Kila serikali ya mtaa huchagua wakazi wake wataburudika vipi, hata inapodhani kwamba haijachagua. Burudani ni kama maji ya mvua: usipoichimbia mfereji itajitafutia njia yake. Mahali pasipo na uwanja patakuwa na baa, na pasipo na maktaba patakuwa na duka la kamari.

Si ajabu, basi, kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliyaweka mambo haya yote katika kapu moja. Katika Jedwali la Nne, miongoni mwa kazi walizokabidhiwa wakuu wa kaunti, kuna kifungu kinachohusu utamaduni na burudani ya umma. Ndani ya kifungu hicho zimetajwa kamari, leseni za vileo, sinema, maktaba, makumbusho, michezo, bustani na fuo. Katika jedwali lilo hilo kaunti imepewa pia hospitali, zahanati, maji na uzoaji wa taka. Kabla ya hapo mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Mwaka 1970 serikali kuu ilizipokonya halmashauri za mashambani kazi za afya, elimu ya msingi na barabara, zikabakizwa manispaa kubwa tu, Kisumu ikiwemo. Leo mkono unaotoa leseni ya baa ndio mkono unaopaswa kukata nyasi za uwanja, na ndio pia unaomlipa daktari atakayemtibu mlevi. Mtu mwenye akili timamu akikabidhiwa mikono mitatu hiyo hana budi kuuona uhusiano wake.

Je, serikali ya Kisumu imeuona? Mgala muue na haki mpe. Hapana shaka mji umebadilika. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za Madaraka ziliadhimishwa katika uwanja mpya wa Jomo Kenyatta ulioko Mamboleo, pale palipokuwa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mwezi Mei mwaka 2022 Kisumu, mji ambao si makao makuu ya nchi, uliwakaribisha viongozi wa miji ya Afrika nzima katika mkutano wa Africities. Jirani zake nao hawakulala: sherehe za Madaraka za mwaka 2025 zilifanyika Homa Bay, katika uwanja wa Raila Odinga. Hayo ni mambo ya kujivunia, na anayeyabeza ana lake jambo.

Lakini tuulize swali la mwalimu wa hesabu. Uwanja mkubwa huketisha maelfu ya watu ili ishirini na wawili wacheze. Kiwanja cha mtaa hakina viti, na ndiyo maana kila anayefika hucheza. Sisi watu wa ziwa tunaupenda mpira hadi tunatokwa machozi. Waliokuwapo mwaka 1987 Gor Mahia iliponyakua Kombe la Washindi la Afrika wangali wanasimulia. Kushangilia, hata hivyo, hakushushi shinikizo la damu, na pengine hulipandisha. Kwa upande wa afya, viwanja kumi vya vumbi vilivyo karibu na nyumba za watu vina faida kuliko uwanja mmoja wa fahari ulio mbali nao. Kutoka Nyalenda hadi Mamboleo mtoto hana budi kuuvuka mji mzima au kulipa nauli, na mzazi ambaye nauli ya hospitali inamshinda hatatoa nauli ya mchezo.

Fauka ya hayo, sehemu nyingi tunazozitaja tunapowasifia wageni uzuri wa Kisumu si mali ya kaunti. Hifadhi ya Swala iliyoko ufuoni iko chini ya Shirika la Wanyamapori. Jumba la Makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1980, ni la Makumbusho ya Kitaifa. Zote mbili hutoza kiingilio. Sehemu kubwa ya ufuo wa mjini iko mikononi mwa reli, bandari, hoteli na vilabu vya wanachama. Hivyo mji wenye ziwa la pili kwa ukubwa duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi umelipa ziwa hilo kisogo, na mtoto aliyezaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka majini huenda akakua bila ya kuwa na mahali halali pa kuketi akayatazama jua likichwa.

Na akiyafikia maji hayo, je, ni salama? Ziwa letu lina kichocho. Lina magugu maji ambayo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakiziba hori hili mara kwa mara. Lina pia ghadhabu zake: mwaka 2020 lilifurika likazihamisha familia nyingi za ufuoni na kuzimeza fuo tulizozizoea. Watu wengi huzama, na wengi wao ni wavuvi na watoto ambao hawakufundishwa kuogelea na mtu yeyote. Hapa ndipo burudani na afya huonekana wazi kuwa kitu kimoja. Ufuo wa umma uliotengwa vizuri, wenye maji yanayopimwa, vyoo, mlinzi na mwalimu wa kuogelea, ni mahali pa kustarehe. Lakini ni kinga pia dhidi ya kichocho, kuhara na kifo cha majini. Wanadunga, ambao huwakaribisha wageni kuyatembelea mafunjo na ndege wake, wametuonyesha kwamba mafunjo yakihifadhiwa humlisha mtu na kumburudisha kwa wakati mmoja.

Kuna donda jingine ambalo hatuwezi kulipita kimya, nalo ni unyakuzi wa ardhi. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa watu kinyume cha sheria kote nchini. Ardhi ya kuchezea ndiyo huliwa kwanza, kwa sababu mnyakuzi akiitazama huona patupu. Hospitali ina kuta na wagonjwa wa kupiga kelele; uwanja una nyasi tu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama peke yake, au karibu peke yake, kupinga jumba la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Alidhihakiwa sana, lakini jumba halikujengwa. Na mwezi Januari mwaka 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, jijini humo humo, walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakidai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Watoto wale walipewa somo la uraia ambalo halimo katika kitabu chochote: kwamba mahali pa kuchezea ni haki, na kwamba haki isiyolindwa huporwa mchana kweupe.

Kuna wanaosema kwamba mtu mwenye njaa hahubiriwi bustani. Hoja hii ni nzito na yafaa kujibiwa kwa heshima. Ni kweli kwamba mji wenye wakazi karibu laki nne, na ambao wengi wao wanaishi katika mitaa isiyopangwa, una mahitaji mengi ya dharura. Lakini tajiri hahitaji bustani ya umma. Ana bustani yake nyumbani, ana klabu yake, ana gari la kumpeleka mbali. Asiye na nafasi chumbani ndiye anayehitaji nafasi nje. Kumwambia maskini angoje mpaka ashibe ndipo apewe mahali pa kupumzikia ni kumwongezea umaskini juu ya umaskini. Isitoshe, gharama zenyewe si za kutisha. Magoli mawili, taa chache, mti wa kivuli na mlinzi havilingani kamwe na bei ya mashine moja ya kusafishia figo.

Mifano ya kuigwa tunayo hapa hapa Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2016 jiji la Kigali limetenga siku ambapo barabara kadhaa hufungiwa magari, nao wakazi, wakubwa kwa wadogo, hutoka kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli. Siku hiyo hiyo wahudumu wa afya huwapima watu shinikizo la damu na kisukari bila malipo. Hakuna uwanja uliojengwa wala deni lililokopwa. Barabara ni zile zile, ila zimebadilishiwa kazi kwa saa chache. Na huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 kiliweka kanuni kwamba timu hupata pointi kwa kusafisha mitaa pamoja na kwa kushinda mechi. Mpira ukawa dawa ya miguu, na ufagio ukawa dawa ya mtaa.

Kisumu ilichaguliwa mwezi Desemba mwaka 2018 kuwa mahali pa kuzinduliwa mpango wa majaribio wa afya kwa wote. Mji uliopewa heshima hiyo unastahili kuonyesha njia katika jambo hili pia. Kwanza, kaunti na iorodheshe hadharani kila kiwanja, bustani na sehemu ya ufuo iliyo mali ya umma, na kila kimoja kipatiwe hati miliki. Pili, ada za leseni za vileo na za nyumba za kamari zitengewe fungu linalojulikana la kutunza viwanja vya mitaani, ili burudani inayodhuru iilipie burudani inayojenga. Tatu, kaunti na izungumze na mashirika ya kitaifa yanayomiliki ufuo, wananchi wapate njia ya kuufikia bila kiingilio. Nne, afisa wa afya na afisa wa michezo wakutane meza moja, kwa sababu mpaka leo katika kaunti nyingi hao ni kama majirani wasioamkiana. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inazitaja bustani, viwanja vya michezo na maktaba miongoni mwa huduma za mji, na inawapa wakazi nafasi ya kukutana na kuwahoji wasimamizi wao. Nafasi hiyo ikiachwa wazi itakaliwa na wengine.

Sasa niwageukie walimu. Katika mitaa yetu mingi, nafasi wazi pekee iliyobaki ni uwanja wa shule. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kipindi cha mazoezi ya viungo kilikuwamo katika ratiba, lakini kwa kuwa hakikutahiniwa, kiliibwa na hisabati huku mwalimu mkuu akitazama kando. Mfumo umebadilika, lakini mazoea hayafi upesi. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto aliyenyimwa mchezo kwa miaka minane hatauanza akiwa na miaka arobaini kwa sababu daktari amemwandikia. Na kamati za shule zifikirie jinsi lango linavyoweza kufunguliwa Jumamosi alasiri, chini ya uangalizi, ili majirani nao wautumie uwanja. Uwanja unaotumiwa na mtaa mzima una walinzi wengi, na mnyakuzi huogopa macho mengi kuliko seng'enge.

Nanyi wanafunzi, kazi yenu haihitaji cheo. Chukueni ramani ya mtaa wenu, mtie alama kila mahali pa kuchezea palipo wazi kwa wote, kisha mtie alama nyingine kila penye baa na kila penye duka la kamari. Hesabuni, mpeleke hesabu hiyo kwa mwakilishi wa wadi yenu, mmwombe aisome mbele ya watu. Alama hizo zitamwambia, kwa uwazi usiohitaji ufasaha wowote, ni burudani gani ambayo serikali yetu imetuchagulia, na ni wagonjwa wa aina gani itakaowapokea miaka ishirini ijayo.